Nukta Iliyotupwa

Kila siku ya shule, kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, Chapu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akalipita duka la vifaa vya umeme na jengo la posta, akaingia katika zahanati alikofanya kazi mama yake. Mama alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, kikubwa, chenye madirisha mapana na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Ndani yake kulikuwa na mipira ya kila ukubwa, kamba za kuvuta, ngazi fupi ya mbao na magodoro ya bluu. Kazi ya Chapu ilikuwa kukunja taulo na kufuta mipira kwa kitambaa chenye dawa. Akimaliza, aliketi dirishani na kufanya kazi zake za shule mpaka mama atoke.

Jina lake halisi lilikuwa lingine. Bibi yake ndiye aliyemwita Chapuchapu, kwa sababu alipojifunza kutembea hakutembea, alianza na mbio. Watu wakalifupisha likawa Chapu. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa bado linamfaa. Alikula haraka, aliandika haraka, na katika mtihani alikuwa wa kwanza kuweka kalamu chini, ingawa si lazima awe wa kwanza katika alama.

Kwenye kona ya chumba kile palikuwa na meza, na juu yake kompyuta kuukuu ya mfumo wa DOS, ule wa kioo cheusi na maandishi meupe. Hakuna aliyekumbuka ililetwa na nani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchezesha mchezo wa zamani uitwao Mchukuzi. Ndani ya mchezo huo, mtu mdogo mwenye kofia nyekundu hubeba gunia mgongoni na kuruka kutoka rafu moja ya ghala hadi nyingine. Kibonye cha mshale humpeleka mbele, na kibonye kirefu humrusha. Mama aliupenda kwa sababu mgonjwa ambaye vidole vyake vimelegea angeweza kuvifanyisha kazi bila kuona kama anafanya mazoezi. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ukutani, na kila siku mama aliandika humo muda alioutumia kumaliza ghala la kwanza.

Aliyeupenda mchezo huo kuliko wote alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi kama ilivyo kwa vinyozi wengi. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi minne nyuma. Mguu ulirudi upesi, ila mkono wa kulia uligoma. Siku ya kwanza alitumia dakika tano kumaliza ghala la kwanza. Sasa kadi yake ilisoma dakika mbili na sekunde kumi.

"Shikamoo, mjomba," Chapu alimwamkia siku hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo umwone huyu mtu wenu. Anakwenda kama ana kwikwi!" Kinyozi alifuta macho kwa kiganja cha kushoto. "Hatembei, anagutuka. Dakika kumi tu na macho yananitoka machozi kama nimemenya vitunguu."

"Si wewe peke yako," mama alisema huku akiandika. "Wote wanalalamika macho. Lakini mchezo ni wa zamani, ndivyo ulivyotengenezwa."

"Nikishuka chini ya dakika mbili, si umeniahidi nitaanza kushika mashine ya kunyolea?"

"Nimeahidi. Chini ya dakika mbili, siku tatu mfululizo."

"Basi macho na yavumilie." Kinyozi akaugeukia tena mchezo.

Chapu alisimama nyuma yake akatazama. Ni kweli, Mchukuzi hakuteleza kama watu wa michezo ya siku hizi. Alikuwa hapa, halafu ghafla akawa pale.

"Mama, mimi naweza kuurekebisha," akasema.

Mama aligeuka. "Hicho ni kifaa cha kazi, Chapu. Si cha kuchezea."

"Sichezei. Mwalimu wa kompyuta ametufundisha kuandika programu, na aliyeutunga mchezo huu alishawaruhusu watu wote kuyasoma na kuyabadilisha maandishi yake. Mwalimu anayo shuleni. Nipe mpaka Jumatatu ijayo."

Mama akamtazama kidogo. "Sawa. Lakini usiniletee kitu ambacho hakijapimwa."

Kesho yake Chapu alimfuata mwalimu wa kompyuta, kijana mrefu aliyependa kuegemea ukuta anapofundisha, hata mashati yake yote yalikuwa na chokaa begani. Mwalimu alifurahi. Alimfungulia maandishi ya programu na kumwonyesha mstari mmoja wenye namba ishirini.

"Hizi ni picha kwa sekunde," alisema. "Kioo kinachora picha ishirini kila sekunde moja. Jicho lako linaona mapengo kati yake. Ukifikisha sitini, litaona mwendo laini."

Chapu hakusubiri neno la pili. Alifuta ishirini, akaandika sitini, akauwasha mchezo. Rafiki yake, msichana waliyemwita Miwani, alisogeza kiti aone. Mchukuzi alifyatuka kama risasi, akapita rafu ya kwanza, akatumbukia shimoni na gunia lake. Yote hayo kabla Chapu hajakigusa kibonye cha kuruka. Miwani alicheka mpaka miwani yake ikaanguka.

"Amekunywa nini huyo?" aliuliza.

Mwalimu naye alicheka. "Sikuwa nimemaliza. Aliyeandika mchezo huu alifunga picha na hatua kwa kamba moja. Kioo ni nukta ndogondogo nyingi. Chora picha, msogeze Mchukuzi nukta nne. Chora picha, msogeze nukta nne. Ukiongeza picha mara tatu, na hatua zimeongezeka mara tatu. Lazima uzitenganishe."

"Au nizikate hatua vipande vitatu," Chapu alisema mara moja.

"Ni njia mojawapo. Kuna nyingine bora, nitakuonyesha Ijumaa. Ila njia yoyote utakayotumia, jambo moja ni la lazima." Mwalimu akaandika ubaoni. "Pima muda. Cheza ghala la kwanza kabla ya kubadilisha, kisha ucheze baada ya kubadilisha. Muda lazima ulingane. Usipolingana, hukurekebisha mchezo, umetengeneza mchezo mwingine."

Chapu hakuingoja Ijumaa. Kwa siku tatu, kila mapumziko, alikuwa kwenye kompyuta. Alipitia mistari mia tisa na kitu, na kila alipokuta Mchukuzi anasogezwa, aligawanya kwa tatu. Kuruka juu kulikuwa nukta sita, sita kwa tatu ni mbili, vizuri kabisa. Kwenda mbele kulikuwa nukta nne. Akaandika nne gawanya kwa tatu, kompyuta ikakubali bila kunung'unika, akasonga mbele.

Alhamisi aliuwasha mchezo. Mchukuzi akateleza kwenye kioo kama sabuni kwenye sinia lenye maji. Hakuna kugutuka, hakuna kwikwi. Chapu alipiga kelele ya furaha hadi mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kisha akapima muda. Kabla ya mabadiliko alikuwa anamaliza ghala la kwanza kwa dakika moja na sekunde ishirini. Sasa alitumia dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Akarudia. Sekunde arobaini na moja. Tena, pale kati ya rafu ya tatu na ya nne, Mchukuzi alianguka mara mbili. Chapu aligundua kwamba ili avuke, ni lazima aruke akiwa ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikiwa hewani.

"Mbona anakwenda kama gunia limeongezwa mawe?" Miwani aliuliza.

"Ni macho yako. Ukizoea mwendo laini unaona kama ni wa polepole."

"Na saa nayo ina macho?"

Chapu aliigeukia mistari yake. Alijua pa kutazama. Nne haigawanyiki kwa tatu. Kompyuta ile ilihesabu namba nzima tu, kwa hiyo ilichukua moja na kulitupa baki. Moja, moja na moja ni tatu, si nne. Kila hatua, Mchukuzi alipoteza nukta moja. Lakini kulirekebisha jambo hilo kulimaanisha kuipitia upya mistari yote mia tisa, na Jumatatu ilikuwa inabisha hodi. Na kwani wagonjwa wataka nini? Wataka macho yao yasiume. Nukta moja ni kitu gani?

Ijumaa mwalimu alimkuta mlangoni, mkononi ana rundo la daftari za kusahihisha. "Vipi Mchukuzi? Tulipatana nikuonyeshe ile njia nyingine."

"Amekwisha, mwalimu. Anateleza kama maji."

"Umepima muda?"

"Nimepima," Chapu alisema. "Uko sawa."

Mwalimu akamwinulia kidole gumba, akaenda zake na daftari.

Jumatatu mchezo mpya uliwekwa kwenye kompyuta ya zahanati. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuujaribu. Alitazama kioo, akamtazama Chapu, akakitazama tena kioo.

"Mama Chapu, mtoto huyu umemzaa au umemwagiza?" alisema, na chumba kizima kikacheka. Mgonjwa mmoja mwenye magongo alimpigia makofi, mwingine akadakia. Mama alimshika Chapu begani, na mkono wake ukakaa pale kwa muda. Chapu alijisikia mrefu.

Siku hiyo kinyozi alitumia dakika mbili na sekunde arobaini na tano. "Bado najizoeza," alisema.

Jumanne zikawa arobaini na nane. Jumatano alianguka mara tatu kwenye pengo la rafu ya tatu na ya nne, pengo ambalo zamani alikuwa akilivuka huku anapiga soga, akamaliza kwa dakika tatu na ushei. Alhamisi hakupiga soga hata kidogo. Chapu, akiwa kwenye taulo zake, alisikia kibonye kikigongwa kwa nguvu, tena na tena, na kila mara ule mlio wa gunia likianguka. Taulo moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Tangu Jumatano ile mama alianza kukaa na kadi ya kinyozi mkononi baada ya wagonjwa kuondoka. Alimwongezea mazoezi ya mpira mdogo. Alimpima nguvu za vidole. Mwishoni alimrudisha kwa daktari, na daktari naye alipoziona namba za kadi akaona mambo yanarudi nyuma, akambadilishia dawa. Dawa mpya zilimfanya kinyozi asinzie mchana.

Jumatano ya wiki ya pili kiti cha mbele ya kompyuta kilikaa kitupu. Alhamisi pia.

Jioni, walipokuwa mezani, mama aliweka kijiko chini. "Nilimpitia kinyozi leo. Anasema haji tena. Kile kiti chake kizuri cha kunyolea, kile cha kuzunguka, amempa kinyozi mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Ati mkono umekwisha, na yeye hataki kukitazama kiti kila siku." Akatikisa kichwa. "Sielewi. Nguvu za vidole ninazozipima kwa kifaa zinapanda kidogo kidogo, lakini muda wake unaharibika. Naogopa isije ikawa alipata kiharusi kingine kidogo na sisi hatukukiona."

Chapu alisukuma sahani pembeni.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana. Nimeshiba."

Asubuhi alimvuta Miwani nyuma ya darasa, akamweleza yote mbio mbio, bila kupumua.

"Basi nitaurekebisha leo leo," alimalizia. "Nikiuweka mpya, muda wake utarudi kama zamani. Hakuna atakayejua."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa sketi. Alikuwa na tabia hiyo alipotaka kusema jambo zito. "Na zile dawa?"

"Zipi?"

"Alizobadilishiwa. Ukirekebisha kimya kimya, muda wake utashuka, na daktari atasema dawa mpya zimemsaidia. Ataendelea kumpa dawa za kusinzia kwa ugonjwa ambao hana. Ugonjwa ni wa mchezo wako, Chapu, si wa kinyozi."

Chapu alikaa chini, kwenye mchanga, na sare yake. Hilo hakuwa amelifikiria. Kengele ya kuingia darasani ikalia, wenzake wakakimbia. Yeye alinyanyuka, akaenda kumwomba mwalimu wa zamu ruhusa, na akavuka barabara saa mbili na nusu asubuhi.

Mama alikuwa anafungua madirisha. "Kulikoni? Shule imefungwa?"

"Mama, mjomba hakupata kiharusi kingine. Mchezo ndio mbovu. Mchukuzi anakwenda polepole kuliko zamani, na pale kwenye rafu ya tatu hata mimi nilianguka. Nilipima kabla sijauleta. Nilijua." Alikitazama kiti kitupu cha mbele ya kompyuta, akaendelea. "Mwalimu aliniuliza kama muda uko sawa, nikamwambia uko sawa."

Mama hakupiga kelele. Chapu angependa apige kelele. Alivuta kiti akakaa, kisha akaziondoa ukutani kadi zote, moja baada ya nyingine.

"Uliuweka tarehe ngapi?"

Chapu akamtajia. Mama akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kila kadi chini ya tarehe hiyo. Kadi kumi na moja. Chapu alikuwa amemfikiria kinyozi peke yake. Hakuwa amewafikiria wale wengine kumi.

Mama akainua simu akamweleza daktari, kwa maneno machache, kwamba namba za wiki mbili zilizopita zisitumike na kwamba kosa limetoka kwenye chumba chake. Hakusema limetoka kwa nani. Alipoiweka simu chini alisema, "Mimi pia nina kosa. Nilikuambia usiniletee kitu ambacho hakijapimwa, nami sikukipima. Nilikuamini nikaona imetosha. Sasa vaa viatu vizuri, twende kwa mjomba wako. Huko utasema mwenyewe."

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na vioo viwili vikubwa na picha za mitindo ya nywele zilizopauka kwa jua. Mpwa wake alikuwa anamnyoa mteja. Kinyozi mwenyewe alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, mkono wa kulia umelala pajani. Mahali pa kile kiti cha kuzunguka palikuwa na alama nne tu sakafuni.

Chapu alimwamkia, akamweleza. Safari hii alisema polepole, kwa sababu alitaka kila neno lieleweke. Alipofika kwenye "nilijua", mashine ya mpwa ilizimwa, na hata mteja aligeuza kichwa.

Kinyozi aliutazama mkono wake pajani.

"Wiki mbili," alisema hatimaye. "Wiki mbili, mwanangu, nimeutukana mkono wangu. Nimeuita gogo. Usiku naulalia makusudi uone adabu." Aliuinua mkono, akakunja vidole, akavikunjua. "Kumbe haukunikosea kitu."

"Nisamehe, mjomba."

"Sitakudanganya, nimekasirika. Nikikasirika huwa sipoi siku moja." Akamgeukia mama. "Kwa hiyo mkono unapona?"

"Sijui," mama alijibu. "Nguvu za vidole zimepanda, hilo nimelipima mwenyewe. Muda wako hatuujui. Lazima tuupime upya, kwa mchezo ulio sahihi."

"Basi tengenezeni huo ulio sahihi. Mimi niko hapa nawangoja; hata kiti cha kazi nimekwisha kukigawa." Mpwa wake akacheka, na baada ya kidogo kinyozi naye akatabasamu upande mmoja.

Mchana ule ule Chapu alimwambia mwalimu. Mwalimu hakuegemea ukuta. Alimsikiliza akiwa amesimama wima.

"Kosa la kugawanya hata mimi nimewahi kulifanya," alisema. "Kompyuta ilitupa nukta moja, na hilo lilikuwa la kurekebishwa kwa siku mbili. Lakini ulipotamka 'uko sawa', ulinifungia mlango wa kukusaidia. Haya, vuta kiti. Tuanze na njia ile ya Ijumaa."

Njia yenyewe haikukata hatua vipande. Hatua za Mchukuzi ziliachwa vile vile, ishirini kwa sekunde, nukta nne kila moja, kama mtunzi alivyotaka. Kati ya hatua na hatua ndipo kompyuta iliongeza picha mbili, zikimwonyesha Mchukuzi akiwa njiani kutoka alipokuwa kwenda anapokwenda. Picha zilikuwa sitini, lakini hesabu ya mchezo haikuguswa. Ilibidi Chapu afute karibu kila alichokuwa ameandika, na safari hii kazi ilichukua siku sita. Miwani alishika saa ya kupimia mbio. Watu watatu walicheza ghala la kwanza mara kumi kumi, katika mchezo wa zamani na katika mpya, na Chapu akaandika kila namba, hata zile ambazo hazikumfurahisha. Tofauti haikuzidi sekunde moja.

Kulikuwa na dosari moja iliyosalia. Mkokoteni unaobeba magunia katika ghala la mwisho ulikuwa bado unagutuka. Chapu aliandika hivyo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaenda kuibandika kando ya kioo pale zahanati.

Kabla ya kumruhusu mgonjwa yeyote, mama alikaa akaupima mchezo yeye mwenyewe, mara tano, na saa mkononi. Ndipo akampigia kinyozi simu.

Kinyozi alikuja na mpwa wake. Dawa zake za awali alikuwa amesharudishiwa, na macho yalikuwa yamechangamka. Alikaa, akanyoosha vidole, akaanza. Alivuka rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Penye lile pengo alisita, akaruka mapema kama alivyozoea zamani, na Mchukuzi akatua salama rafu ya nne.

"Dakika mbili na sekunde nne," mama alisoma.

"Si chini ya mbili," kinyozi alisema.

"Si chini ya mbili. Lakini ni sekunde sita bora kuliko ulivyokuwa, na ni za kweli."

Siku tisa baadaye alipata dakika moja na sekunde hamsini na saba, na akazipata siku tatu mfululizo. Mteja wake wa kwanza alikuwa mpwa wake, ambaye alikaa kwenye kiti cha kawaida cha mbao, kwa kuwa kinyozi alikataa katakata kwenda kudai kile alichokwisha kumpa mwenzake. Kunyoa kichwa kimoja kulimchukua saa nzima, na nyuma ya sikio alibakiza kichaka kidogo. Chapu alipopita pale na mkoba wake wa shule, kinyozi alimwita.

"Mwanangu, hasira zimepoa. Zimechukua muda wake, kama nilivyokuambia. Na hicho kichaka usikicheke, nimeshamwambia mwenyewe kwamba kipo."

Mwezi ule ule muuguzi wa wodi ya watoto kutoka hospitali kubwa alifika katika chumba cha mazoezi. Alikuwa amesikia habari za mchezo, akataka watoto wake waupate wote, mpaka ghala la mwisho. Alimkuta Chapu anafuta mipira, na mama akiwa kwenye kadi zake.

"Naambiwa fundi ni wewe," muuguzi alisema. "Umekwisha? Naweza kuuchukua leo?"

Chapu alitazama kioo, akaitazama sura ya muuguzi iliyojaa matumaini. "Bado," alisema. "Mkokoteni wa ghala la mwisho unagutuka, na sijajua kwa nini. Nipe wiki mbili. Zikipita sijapata, nitakuja kukuambia."

Muuguzi alishukuru akaondoka. Mama alifunga kadi zake, akasogea dirishani alipokuwa binti yake.

"Unajua, Chapu, hapa kazini kwangu watu wananiletea habari nzuri na habari mbaya kila siku, nazo zote naweza kuzifanyia kazi. Mkono ukiwa dhaifu, nampa mtu mazoezi. Mguu ukikataa, natafuta njia nyingine. Habari moja tu inayonishinda ni ile ya uongo, kwa sababu inanituma kutibu pasipouma. Kukosea utakosea tena, wewe hasa na hizo mbio zako. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado dogo na linaweza kushikwa kwa vidole viwili. Hilo neno ulilomwambia yule muuguzi ni fupi, lakini ningepewa mimi Jumatatu ile, ningelipokea kwa mikono miwili."

Kisha akamrushia taulo ya mwisho aikunje, wafunge chumba waende nyumbani.